Sare ya Kuvua Weusi

Kijijini, 3 Juni 2024

Kwa binamu yangu Inoke,

Bula. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Suva, na kwamba kile kikohozi chako cha mvua kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Baba mzima, Mama mzima. Bibi anaamka na anakula, ila mkono wake wa kulia bado unatetemeka, tena umezidi. Jana kikombe kilimponyoka baada ya ibada, akasema ni kosa la kikombe.

Nakuandikia kuhusu kikao cha ukoo cha Jumamosi, kwa kuwa hukuwepo. Siku ya kuvua weusi wa Babu imepangwa: tarehe 14 Septemba. Tutavua nguo nyeusi tulizovaa mwaka mzima tangu afariki, na ukoo wote utavaa sare. Mchoro wa sare ni ule ambao Bibi amekuwa akiupiga kwenye masi, nguo zake za magome, tangu hajaolewa. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni huu. Mjomba wako Sakiusa alisimama akasema, "Kazi ya mchoro apewe Inoke, yeye ndiye fundi, yuko kwenye duka la kuchapa. Asinate atamsaidia." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika birika la chai, sikusema kitu. Sasa nasema. Kazi hii niliianza mimi, mwezi wa pili, bila kutumwa na mtu. Kusaidia ni kumshikia mtu ngazi. Mimi niko juu ya ngazi tayari.

Hujui ninavyofanya, kwa hiyo nakueleza. Stensili za Bibi zimebaki tano, zile alizozikata kwa kisu kwenye filamu kuukuu za eksirei anazopewa na muuguzi wa zahanati. Nazibandika kwenye kioo cha dirisha la maabara ya kompyuta, jua likiwa nyuma, nazipiga picha kipande kwa kipande. Kisha naingia kwenye programu ya picha, ile ya bure tuliyo nayo shuleni, naunganisha vipande na kusafisha. Halafu nahamia kwenye programu ya mistari, nayo ya bure, nafuata ukingo wa kila tundu kwa mkono. Mwisho naupeleka mchoro kwenye programu ya tatu, ya kupanga kurasa, naupanga uende urefu wa kitambaa. Programu tatu, kila moja na kazi yake. Nimebakiza stensili mbili.

Usifikiri ni mchezo wa watoto wa shule. Bibi alisema mbele ya watu wote, "Sitakata tena. Hizi ndizo za mwisho. Siku hiyo nataka nikiwatazama niuone mkono wangu, nisione mkono wa mashine." Hicho ndicho tulichopewa mikononi, Inoke. Hakitarudi mara ya pili.

Binamu yako,
Asinate


Suva, 6 Juni 2024

Kwa Profesa Asinate wa Kisiwani,

Bula sana. Kikohozi kimekwisha, njaa ndiyo haijaisha. Nisalimie Mjomba na Mkaza-mjomba, na Bibi umwambie bado sijaoa, asichoke kuuliza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kucheka. Programu tatu! Wewe ukipika chai unatumia masufuria matatu? Moja la maji, moja la maziwa, moja la sukari? We mtoto, watu watazeeka wakisubiri kikombe.

Sikiliza nikuelimishe, maana vitabu vyako havikukufikisha huku. Hapa kazini kwa Bi Sharda tuna programu moja, ya kulipia, na inafanya yote. Inasafisha, inachora, inapanga, na inaongea na printa ya kitambaa yenyewe kwa yenyewe. Unaingiza picha, unabonyeza kitufe kimoja, inafuata mistari yote huku wewe unakunywa chai yako ya sufuria moja. Nimechora jezi za raga za vijiji vinne. Nimechora sare za harusi ambazo bibi harusi alilia kwa furaha. Hakuna aliyeniuliza nilitumia masufuria mangapi.

Tuma picha tu, mengine niachie. Na usinune, nakuona kutoka huku.

Binamu yako fundi,
Inoke


Kijijini, 10 Juni 2024

Kwa Inoke,

Bula. Tu wazima. Natumaini na wewe hivyo.

Kichekesho chako cha chai nilimsomea Bibi. Hakucheka. Aliuliza, "Kwani huyo mtoto hajui kwamba maziwa huchemshwa peke yake?" Kwa hiyo jibu lake hilo, na langu linafuata.

Programu ya picha inahesabu vitone. Inafaa kusafisha, maana unaweza kufuta kitone kimoja na kumwacha jirani yake. Lakini ukiikuza picha hadi ukubwa wa kitambaa, vile vitone vinaonekana kama mchanga, ukingo unalegea. Programu ya mistari haina vitone. Inakumbuka njia ambayo mkono ulipita, na hata ukiikuza iwe kubwa kama ukuta wa kanisa, ukingo unabaki mkali kama kisu. Ila yenyewe haijui kusafisha. Ndiyo maana natumia hii kwanza, kisha ile. Sio ushamba.

Na kitufe chako kimoja hakijui kisu ni nini. Kinafuata chochote kilicho cheusi kuliko jirani yake. Filamu zina vivuli vyake, Inoke, na kitufe kitavifuata vivuli kwa bidii ileile kinayoifuatia kazi ya Bibi. Mimi nimevifuta kimoja kimoja.

Sikatai kila kitu. Najua programu zangu haziwezi kuongea na printa yenu, na rangi za kitambaa mnazijua nyinyi. Basi tugawane: kusafisha na kuchora ni kwangu, rangi na kuchapa ni kwako.

Meli ikija nitampa karani wake flashi yenye mafolda mawili, maana mtandao wa shule hauwezi kubeba yote. Moja limeandikwa SAFI. Hilo ndilo kazi. Jingine limeandikwa GHAFI, ni picha za mwanzo kabla sijazigusa, nimeziweka ili ulinganishe ukiwa na shaka. Kama faili za SAFI hazifunguki kwako, niandikie siku hiyohiyo. Nitazigeuza ziwe za aina ambayo kila programu inaisoma. Ni kazi ndogo. Niandikie tu.

Binamu yako,
Asinate


Suva, 2 Julai 2024

Asi,

Bula. Flashi nimeipata, karani alinikabidhi ikiwa ndani ya soksi. Soksi ni ya nani? Nimeitupa.

Kazi iko mikononi mwa fundi. Lala usingizi.

Inoke, binamu yako


Kijijini, 19 Julai 2024

Kwa binamu yangu,

Bula. Natumaini kimya chako ni cha kazi na si cha ugonjwa. Hapa Baba ana jino, wengine wazima.

Sasa niambie. Faili zimefunguka? Umezipanga? Nilitarajia kipande cha mfano, hata cha upana wa leso, sijakiona. Bibi ananiuliza kila jioni nikirudi shule, "Imekuja?" Namwambia meli haijafika. Meli imefika na kuondoka. Nimemdanganya Bibi kwa ajili yako, na sipendi.

Jana alitaka kujaribu kukata stensili ndogo ya pindo, tuwe na akiba. Kisu kiliruka kikamkata kidole gumba. Hakulia. Alikitupa kisu uani, akakaa na kuutazama mkono wake kama mtu anayemtazama jirani aliyemkosea.

Jibu barua hii. Neno moja linatosha: zimefunguka, au hazijafunguka.

Asinate, binti wa mjomba wako


Kijijini, 5 Agosti 2024

Inoke,

Sina salamu leo. Au salamu ni hii: u mzima, najua, kwa sababu mama yako alikuona sokoni ukila aiskrimu.

Nina mitihani wiki hii, na badala ya kusoma nakaa maabara kusubiri mtandao uamke nione kama umeandika. Hujaandika. Wewe unaona ni sare tu kama zile za bibi harusi wako aliyelia. Ukiharibu, nitalia mimi, na haitakuwa kwa furaha.

Zimefunguka?

Asinate


Suva, 16 Agosti 2024

Kwa Asinate na wote nyumbani,

Bula, na samahani kwa kimya, tulikuwa na kazi za mahafali hadi shingoni. Poleni na jino la Mjomba.

Habari njema: kazi imekwisha! Kitambaa chote kimechapwa, kimekunjwa, kimepakiwa, na Mama anakuja nacho kwenye meli ya wiki ijayo. Nilirahisisha mambo kidogo, lakini utaona mwenyewe. Nyeusi, nyeupe ya maziwa, na ile rangi ya udongo mwekundu imetoka vizuri ajabu. Bi Sharda mwenyewe alisimama kuangalia, na yeye hasimamagi.

Mwambie Bibi ule mchoro wake mpya nimeutendea haki. Umenichukulia muda kuliko yote.

Nanyi msinisahau siku ya kugawa chakula.

Binamu yako,
Inoke


Kijijini, 27 Agosti 2024

Inoke,

Bibi hana mchoro mpya.

Ngoja nikueleze tulivyofungua mzigo wako, maana nataka uwepo, japo kwa barua. Ilikuwa ukumbi wa kanisa, baada ya chakula cha mchana. Akina mama wote walikuwapo na mikasi yao. Mama yako ndiye aliyekata kamba. "Kazi ya mwanangu hii!" akasema, na akalivuta jora likakimbia juu ya mikeka hadi ukutani.

Mwanzoni watu waliguna kwa kupendezwa. Kweli rangi ni nzuri. Nyota za Bibi zilikuwapo, meno ya papa yalikuwapo, yote yamelainishwa pembe kama vigae vya bafuni, lakini yalikuwapo. Katikati yake, kutoka mwanzo wa jora hadi mwisho, kulikuwa na mistari minene ya rangi ya udongo, imepinda, jozi kwa jozi. Mke wa mchungaji akasema, "Haya mawimbi ni mazuri, ya wapi haya?"

Mimi nilijua tangu nilipoona jozi ya pili. Nikatamani sakafu inifunike.

Bibi alikuja na fimbo yake, akainama, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akaufuata hadi ulipokutana na mwenzake katikati. Akasema, "Huyu ni Sireli."

Ni mbavu, Inoke. Mbavu za Babu. Ile stensili kubwa ya katikati ilikatwa kwenye eksirei ya kifua chake, ile aliyopigwa mwaka alioanguka kutoka paa la kanisa. Hapa hakuna asiyejua. Vile ndivyo vivuli nilivyovifuta. Nyuma ya kazi ya Bibi, kwenye filamu, Babu yumo. Kitufe chako kimemfuata, kikamkuta, kikampaka rangi ya udongo, na wewe ukamchapa mara mia.

"Nani amemweka mume wangu hapa?" Bibi akauliza. "Nauliza! Mtashona sulu, mtajifunga kiunoni, halafu mtakaa chini. Mtamkalia? Siku ya kumuaga mtamkalia mbavu?"

Yule Tomasi asiye na adabu akasema, "Basi tusimame siku nzima." Bibi alimtupia upepeo ukampata usoni. Hakuna aliyecheka, hata Tomasi.

Nilidhani amemaliza. Akainama tena, akatafuta kitu upande wa kushoto, akakipata, akakigonga kwa fimbo. "Na huu je? Huu ulivunjika siku ile ya paa, ukapona umepinda. Nimelala karibu nao mpaka anakufa, naujua kuliko ninavyojua uso wangu. Nani amemnyoosha?"

Kisha akaondoka. Hajaja kula na sisi tangu jana.

Folda lilikuwa limeandikwa SAFI, Inoke. Herufi kubwa. Nilikuuliza mara mbili, neno moja tu. Mama yako alikunja jora lile peke yake, hakutaka mtu amsaidie. Kitambaa kingine hakipo na fedha ya kingine haipo. Siku ziko mlangoni.

Asinate


Suva, 29 Agosti 2024

Asinate,

Mama alishanipigia. Alilia hadi simu ikakatika. Kwa hiyo barua yako ilinikuta nimeshapigwa.

Unataka neno moja? Hazikufunguka. SAFI yako haikufunguka hata faili moja. Programu yetu kubwa, ya kulipia, inayofanya yote, ilizitazama ikasema haizijui. Na Bi Sharda haruhusu mtu kuweka programu nyingine kwenye mashine zake. Nilianza kukuandikia. Niliandika, "Asi, faili hazifunguki," nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Baada ya masufuria matatu na bibi harusi aliyelia, ningekuandikiaje? Nikafungua GHAFI, hiyo ikafunguka, nikabonyeza kitufe.

Umeridhika? Sasa na wewe nisikilize. Uliandika "vivuli". Nimeirudia barua yako, imeandikwa vivuli. Ungepungukiwa nini kuandika mbavu? Ungeandika "mbavu za Babu" nisingegusa folda lile hata kwa fimbo. Lakini wewe unadhani kila mtu amekulia mlangoni kwa Bibi. Unasema hapo hakuna asiyejua. Mimi siko hapo! Nililelewa huku kwa watu wa baba yangu, nakuja Krismasi moja baada ya nyingine, nakalishwa na wageni. Mazishi ya Babu niliyakosa kwa sababu meli haikungoja, na tangu hapo hakuna aliyeniambia kitu ila "pole". Sijawahi kuiona eksirei hiyo. Wewe ulipiga vipande vipande, na mimi kwenye skrini niliona vipande vipande: mistari imepinda, basi.

Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia Mama. Mistari ile mashine iliitoa imekatikakatika. Ingekuwa sijali, ningeifuta. Nilidhani ni kitu kipya cha Bibi, kitu alichomkatia Babu. Niliiunga kwa mkono, nukta kwa nukta, siku za kazi na Jumapili pia. Niliipenda kuliko nyota zote. Mmoja ulikuwa umepinda vibaya. Nikasema, huu ni ule mkono unaotetemeka, Asi aliniandikia. Nikaunyoosha ili watu wasije wakamsema Bibi.

Ndiyo hivyo. Mwambieni Tomasi acheke sasa.

Inoke


Kijijini, 5 Septemba 2024

Kwa binamu yangu Inoke,

Bula. Natumaini unakula. Mama yako ni mzima, ameanza kuongea.

Bado nina hasira, usije ukafikiri zimeisha. Nina hasira kwamba uliona aibu kuandika maneno matatu, na aibu yako tukaivaa sisi wote. Na kuhusu "vivuli" una haki, na inaniudhi kwamba una haki. Sikuandika mbavu kwa sababu niliona vibaya kumwandika Babu hivyo kwenye barua ya kompyuta. Basi.

Barua yako nilimsomea Bibi. Sikukuomba ruhusa. Nilipofika kwenye ule ubavu ulionyooshwa alisema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akauliza, "Alinyoosha ili mimi nisisemwe?" Nikasema ndiyo, ndivyo alivyoandika. Akasema, "Mpumbavu kama babu yake," akaomba fimbo, akaenda ukumbini mwenyewe.

Aliyoamuru ni haya. Jora litakatwa mashati ya wanaume na nguo za juu za wanawake, basi. Mbavu zikae kwenye mbavu. Hakuna kipande chake kitakachoshuka chini ya kiuno. Chini tutavaa sulu za kitambaa cheupe cha dukani. Baba mkubwa Sakiusa alianza kusema kwamba ukoo utaonekana kama wahudumu wa hoteli. Bibi akamwambia, "Wewe ndiye uliyesimama ukagawa kazi usiyoijua. Kaa." Akakaa.

Kisha akaagiza wino wa masizi na brashi yake. Kila shati likitoka kwenye cherehani linaletwa kwake. Analitandika pajani, anautafuta ule ubavu wa kushoto ulionyoosha wewe, na juu yake anachora wake. Mkono unatetemeka, Inoke, na mstari unatoka umepinda palepale ulipokuwa umepinda. Wako wa udongo unabaki chini, wake mweusi unapita juu. Anachora huku anakusema wewe, anaisema mashine, ananisema mimi na masufuria yangu, anamsema Babu kwa kupanda lile paa wakati aliambiwa asipande. Amemaliza mashati arobaini na hajataka kupumzika. Nilipomwambia apumzike alisema, "Wewe nenda kashike birika."

Sasa kazi yako. Sulu nyeupe zinahitaji pindo, na pindo tunalitaka liwe la nyota za Bibi zenyewe, za SAFI, zenye pembe. Nimeziambatisha humu, nimeshazigeuza, zitafunguka hata kwenye simu ya mchungaji. Fanya hivi. Kwangu zimetoka kwenye programu ya picha zikiwa safi, na kwenye programu ya mistari nikazifuata kwa mkono. Wewe ziingize kwenye programu yako kubwa kama zilivyo, uzipe rangi unazozijua, uzipange kwa urefu, uchape. Usibonyeze kitufe. Usilainishe kitu. Ukiona ukingo umekwenda upande, uache, ulikwenda upande tangu siku ulipokatwa. Rangi zako ni nzuri kuliko ambazo ningeweza, hilo nalikubali. Yako na yangu zikishikana ndiyo inatoka.

Na pindo usimpe karani. Lilete wewe. Meli inaondoka tarehe 10, safari hii uifikie kabla haijakata kamba.

Mashati yote yana majina kwa ndani. Lako limeshonwa, liko kwenye msumari nyuma ya mlango wa Bibi. Ni hilo moja tu ambalo hajalichora. Nilimuuliza kama amelisahau. Akasema, "Sichori kwenye shati tupu la mtu anayejificha. Aje alivae, asimame mbele yangu, nimchore nalo mwilini."

Binamu yako, bado mwenye hasira,
Asinate


Suva, gatini, 10 Septemba 2024

Asi,

Zimefunguka zote.

Nilimwonyesha Bi Sharda, akaniuliza kwa nini sikusema tangu Julai. Nilimwambia habari za chai. Alinitukana kwa Kihindi, halafu akaniachia printa.

Pindo liko begani kwangu. Karani amelitaka, nimekataa. Wanavuta ngazi, nimeshapanda.

Mwambie Bibi achanganye wino.

Binamu yako,
Inoke